Dole la Mkurugenzi

Injinia hakuwa injinia. Chuo cha ufundi alikaa wiki tatu, akafukuzwa kwa kuwauzia wenzake majibu ya mtihani ambao mwalimu alikuwa hajautunga. Jina lilimjia baadaye, kwa sababu ya miwani na kalamu tatu mfukoni mwa shati, naye akaona si adabu kuwasahihisha watu wanaokuheshimu.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli moja kubwa, mahali ambapo intaneti ni ya bure na viti havikuulizi umekuja kumwona nani. Meza ya pili, mwanamume wa tai pana alikuwa akimlalamikia meneja wa hoteli. Injinia akatega sikio na kuelewa mambo mawili. La kwanza, huyu ni mkurugenzi wa kiwanda cha kufulia shuka na taulo za hoteli na hospitali. La pili, huyu anaamini kila shuka iliyowahi kupotea duniani imepotezwa na wafanyakazi wake.

Lakini kilichomfanya aweke glasi chini ni simu. Kila ilipolia, Mkurugenzi aliigeuza, akabonyeza ile alama ya dole gumba ya kukubali, akairudisha mezani, na sentensi yake haikukatika hata kwenye mkato. Injinia alihesabu madole kumi na moja katika kikombe kimoja cha kahawa. Hakuna hata ujumbe mmoja uliosomwa.

"Mtu anayekubali bila kusoma," Injinia alijiambia, kwa unyenyekevu wa mchimba madini aliyeona jiwe linameta, "huyu haachwi arudi ofisini peke yake."

Meneja alipoondoka, Injinia alisogea.

"Samahani, Mkurugenzi. Sikukusudia kusikiliza," alisema mtu aliyehama viti viwili ili asikie vizuri. "Ila nimeumia. Tatizo lako si watu. Ni nafasi iliyopo kati ya mtu na mtu."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtu wa mifumo. Agizo likiingia kwako linapita wapi? Linaingia kwenye barua pepe. Mtu analisoma. Analiandika kwenye jedwali. Anampigia wa stoo. Wa stoo anaandika karatasi, karatasi inakwenda kwa dereva. Mikono minne kwa taulo moja."

"Mitano," alisema Mkurugenzi kwa uchungu. "Kuna na Karani."

"Sasa tuseme programu zako zote zimeshikana mikono zenyewe. Barua pepe inaliambia jedwali, jedwali linaiambia simu ya stoo, simu ya stoo inaiambia printa. Likitokea hili, linafanyika lile. Hakuna kuandika msimbo, hakuna kuajiri mtaalamu. Ni kuburuta visanduku na kuvichorea mishale. Wewe unabaki na kazi moja."

"Ipi?"

"Dole."

Mkurugenzi alikitazama kidole chake gumba kwa mapenzi ya mzazi anayeambiwa mwanawe ana kipaji.

Hapa lazima tukiri jambo linaloutia doa utapeli wa Injinia: ulikuwa na ukweli ndani yake. Programu ya kuunganisha programu ipo kweli, na inafanya kazi kweli. Yeyote anayeweza kuchora mshale anaweza kuitumia, na kampuni yenye programu hiyo humpa kila mgeni siku kumi na nne za kujaribu bure. Injinia aliuza hizo siku kumi na nne. Nusu ya malipo kabla ya kuanza, nusu siku ya kumi na tatu, na siku ya kumi na tano mfumo unakufa huku yeye yuko mji mwingine kwa jina lingine. Alishafanya hivyo kwenye zahanati, kwenye chuo cha udereva, na kwa fundi majeneza. Ule wa fundi majeneza haukufa vizuri. Katika pumzi yake ya mwisho uliwatumia wateja wote, wakiwemo waliouliza bei tu, ujumbe usemao: Jeneza lako liko tayari.

Kiwandani, Injinia alifika na kompyuta yake na kisanduku cheusi chenye taa ya kijani. Kilikuwa rauta iliyokwisha kufa, sehemu yake ya mwisho yenye uhai ikiwa taa hiyo. Alikipigilia misumari ukutani juu ya meza ya Karani, akakichomeka kwenye umeme.

"Huo ndio ubongo," alisema. "Asiuguse mtu."

Ofisi ya Karani ilikuwa chumba cha hatua nne kwa tano, kabati la bati upande mmoja, dirisha la kioo upande wa pili. Dirisha lilitazama ukumbi wa pasi. Huko mvuke ulitanda tangu alfajiri, matoroli ya shuka yaligongana, na wanawake kumi na wanne walisimama kwenye mashine za kunyoosha, mikono yao ikiwa na alama za kuungua zilizopangana kama mistari ya rula. Wa kwanza mlangoni aliitwa Mama Mapacha. Pacha wake walikuwa wameshamaliza shule ya msingi, na mama yao bado alikuwa kibarua wa miezi mitatu.

Hili linahitaji maelezo, kwa kuwa waliolibuni hawakupenda kulieleza. Kanuni za kiwanda, zilizochapwa na kupigwa muhuri, zilisema hivi: kibarua akifanya kazi siku tisini mfululizo, akifika kazini siku ya tisini na moja apewe barua ya ajira ya kudumu, yenye likizo, matibabu na kiinua mgongo. Kanuni nzuri. Mkurugenzi aliitundika kwenye fremu. Halafu kila siku ya tisini jioni, simu zililia majumbani. Kesho usije. Njoo keshokutwa. Na keshokutwa mtu aliyepiga pasi pale miaka kumi na moja alipokelewa kama mgeni, akaandikishwa upya, akaanza kuhesabu moja. Siku moja ya kukaa nyumbani, mara nne kwa mwaka, ilitosha kumla mtu uzee wake wote.

Simu hizo zilipigwa na Karani, kwa amri ya mdomo. Hakuna karatasi iliyowahi kuandikwa juu yake, maana watu wa aina ya Mkurugenzi hawaandiki jambo ambalo hakimu anaweza kulisoma. Na Karani naye, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyejifundisha mashine ya chapa, kisha kompyuta, kisha majedwali, bila kupelekwa kozi hata moja, alikuwa kibarua. Alipomaliza kuwapigia wenzake kumi na wanne, alifunga ofisi na kujiambia mwenyewe kesho asije. Miaka kumi na tisa.

"Shikamoo, mama," alisema Injinia.

"Marahaba. Wewe ndiye unayekuja kuchukua kiti changu?"

"Mimi nakuja kukipunguzia mzigo."

"Ahaa. Basi kaa. Kiti chenyewe kina mguu mbovu, kaa upande wa kushoto."

Kazi ilianza. Injinia alihitaji kujua kila hatua, na kila hatua ilikuwa kichwani mwa mwanamke ambaye mfumo ungemfukuzisha. Angekuwa yeye, angedanganya. Karani hakudanganya. Alimwonyesha barua pepe za hoteli zinavyoingia, shuka za hospitali zinavyotengwa, fomu za ruhusa, fomu za sabuni. Akampa nakala ya kanuni. Akampa nakala tupu za barua zote: onyo, likizo, kupita getini, ajira ya kudumu.

"Hii ya mwisho mbona iko safi hivi?" aliuliza Injinia. "Nyingine zote zina madoa."

"Haijatumika."

"Inatoka lini?"

"Soma kanuni. Imeandikwa."

Akasoma, akachora mshale. Siku zikifika tisini na moja bila kukatika, mfumo utume ombi kwenye kundi la simu la ofisi. Dole likija, saini na muhuri vishuke kwenye barua, printa iitoe. Chini ya barua paliandikwa: Nakala, Ofisi ya Kazi, Nakala, Chama cha Wafanyakazi. Injinia alikuwa mvivu, na mvivu huunganisha kila kitu anachokiona. Aliomba anwani za barua pepe, Karani akampa, naye akachora mishale miwili zaidi.

"Kuna kingine?" aliuliza.

"Yaliyoandikwa ndiyo hayo. Yasiyoandikwa muulize mwenyewe."

Alimuuliza siku ya tatu. Bahati mbaya, au bahati nzuri, inategemea unapiga pasi au unamiliki pasi, meneja wa hoteli alikuwepo, kaja kuuona ubongo.

"Mkurugenzi, kuna taratibu zozote ambazo haziko kwenye kanuni? Niziingize kabisa."

Mkurugenzi alimtazama mgeni wake, akavuta tai. "Hapa kwangu," alisema, "hakuna kinachofanyika bila maandishi."

"Safi sana," alisema meneja.

Kisha maonyesho. Mkurugenzi aliandika kwa simu kwamba stoo inahitaji madumu manne ya sabuni. Ombi likaingia kundini. Akabonyeza dole. Printa ikakohoa, ikatema barua yenye saini yake na muhuri wa bluu, wakati mkono wake uko mfukoni. Aliishika ile karatasi akaitazama kama mtu aliyeona picha yake gazetini.

"Karani," alisema, "kuanzia leo usiguse kitu. Mfundishe huyu mpaka amalize, halafu tutaagana."

"Nisiguse kitu," alirudia Karani, kama anayeandika.

Palibaki jambo dogo la mahudhurio. Wafanyakazi sasa wangejiandikisha kwa kubonyeza simu iliyofungwa getini. Karani alijaza majina kumi na tano na tarehe ya kuanza; siku ile Injinia alipowasha mfumo, wote walikuwa kwenye siku ya themanini. Injinia alihitaji mtu wa kujaribia, kuona kama mstari mpya unafanya kazi.

"Weka lako," alisema Karani. "La mtu mwingine la nini? Lako unalijua herufi."

Akaandika jina lake la kwenye kitambulisho, lile alilokuwa nalo kabla ya kuwa Injinia, na namba yake, kwa sababu fomu haikukubali mstari bila namba. Vilivyobaki, tarehe na cheo na mengineyo, aliviburuta kutoka mstari wa juu. Kuburuta ndiyo taaluma yake. Na kila asubuhi, ili Mkurugenzi aone mambo yanakwenda, alisimama getini mbele ya wapiga pasi akabonyeza jina lake kwa madaha.

"Hodari," Mama Mapacha alimwambia. "Unawahi kuliko sisi."

"Mfumo hauna uvivu, dada."

"Na lile sanduku ukutani linakula nini?"

"Takwimu."

"Maskini. Ndiyo maana limekonda."

Siku ya tisa, Karani aliinama kwenye kompyuta ya Injinia, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Pembeni ya skrini palikuwa na namba nyekundu.

"Mwanangu, hii inayopungua kila siku ni nini? Jana ilikuwa sita, leo tano."

"Hilo ni joto la mfumo, mama."

"Unapoa?"

"Unazoea mazingira."

"Na ikifika sifuri?"

"Utakuwa umezoea kabisa."

Karani aliitikia kwa kichwa taratibu, kwa heshima ya mtu aliyefunuliwa elimu. "Mwaka ule wa mashine ya fotokopi alikuja kijana kama wewe," alisema. "Akauza wino wa miaka mitano. Kabla yake alikuja wa kengele ya moto. Wote watanashati. Wote waliniita mama."

Injinia alicheka.

Siku ya kumi, Mkurugenzi alipita ofisini kumwonyesha Injinia tangazo alilotaka kulibandika: nafasi ya Karani imefutwa. Karani akainuka.

"Mkurugenzi, zile simu za kila miezi mitatu, nizipige kesho jioni?"

Hapo Mkurugenzi angeweza kujiokoa kwa neno moja. Lakini Injinia alikuwa anasikiliza, na mtu mwenye fremu ukutani hapendi kueleza mbele ya mgeni simu hizo ni za nini. Tena alikuwa ameshakilipia kile kisanduku.

"Kazi zote za Karani ziko ndani ya Mfumo?" alimuuliza Injinia.

"Zote, bosi. Mpaka zile alizozisahau mwenyewe."

"Umesikia," alimwambia Karani. "Nilisema usiguse kitu."

"Sigusi," alisema Karani, akakaa.

Siku ya kumi na moja jioni, wanawake kumi na wanne walikaa nyumbani na simu zao magotini kusubiri kuambiwa wasije. Simu hazikulia. Mama Mapacha alimpigia Karani.

"Dada, mbona kimya? Umetusahau?"

"Sijasahau kitu tangu nizaliwe. Mkurugenzi amesema nisipige."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe umeambiwa usije?"

"Sijaambiwa."

"Mtu ambaye hajaambiwa asije hufanya nini?"

Mama Mapacha akasema polepole, "Anakuja," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kiatu kipya dukani, akiogopa kuulizwa bei.

Walikuja wote. Kumi na wanne walibonyeza simu ya getini, Karani akabonyeza wa kumi na tano. Injinia, aliyeshalala usingizi mwema kwa kuwa kesho yake ndiyo siku ya nusu ya pili, akabonyeza wa kumi na sita kwa mazoea.

Mfumo ukahesabu. Tisini na moja. Ombi likaingia kundini, kati ya picha ya mtoto wa dereva na taarifa ya bomba kuvuja: Idhinisha ajira ya kudumu, watu 16. Mkurugenzi alikuwa kwenye kiti cha kinyozi. Simu ikalia, mkono ukatoka chini ya shuka, dole likashuka.

Ofisini, printa ilikohoa. Ikatoa barua moja, ya pili, ya tatu. Karani hakugusa kitu. Alisimama tu na mikono nyuma, akizitazama zinavyolalia trei moja juu ya nyingine, moto moto, zenye saini na muhuri. Ilipotoka yenye jina lake aliondoa miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akairudisha, akasoma tena.

Injinia aliingia akakuta watu wamejaa mlangoni na mvuke umewafuata.

"Kuna nini? Nani kafariki?"

"Hakuna," alisema Mama Mapacha. "Tumezaliwa."

Siku ya kumi na tatu, Injinia alifika na begi lililofungwa na hotuba fupi ya kudai nusu yake. Hakuipata nafasi ya kuitoa. Mkurugenzi alikuwa amesimama katikati ya ofisi, nywele safi, uso wa rangi ya jivu, na mbele yake, kwenye kiti chenye mguu mbovu, ameketi Ofisa Kazi: mwanamume mwembamba mwenye faili gotini, aliyepokea nakala kumi na sita kwa dakika moja na kudhani kompyuta yake imerogwa.

"Nimekuja kukupongeza kwanza," alisema Ofisa Kazi. "Miaka minane niko ofisi ile, barua ya namna hii kutoka kwako sijawahi kuiona. Nikasema nije nijue kama ni za kweli."

"Ni makosa ya mashine."

"Mashine ilipewa idhini na nani?"

"Na... na dole."

"Dole la nani?"

Mkurugenzi alikificha kidole ndani ya ngumi.

"Mimi sina ugomvi," aliendelea Ofisa Kazi akifungua faili. "Kama ni makosa, nitaandika ni makosa. Lakini nikiandika hivyo nitaulizwa watu hawa wameanza kazi lini. Itabidi nione mahudhurio. Mna mahudhurio ya siku za nyuma?"

"Yapo," alisema Karani.

Alifungua kabati la bati. Madaftari yalisimama humo kwa mwaka, migongo imeandikwa kwa mwandiko mmoja, kumi na tisa. Akavuta matatu, akayafungua katikati bila kutafuta.

"Huyu Mama Mapacha, kwa mfano. Mwaka huu ameanza kazi mara nne. Mwaka huu hapa, mara nne. Huu, mara tatu, kwa sababu mara moja alikuwa anajifungua mtoto wa mwisho, na tulimhesabu hakuja. Nikusomee au utasoma mwenyewe?"

Nje ya kioo mashine za pasi zilikuwa zimezimwa. Ilikuwa mara ya kwanza chumba kile kusikia ukimya wakati wa kazi, na Mkurugenzi aliusikia vizuri. Alitazama madaftari, akatazama faili, akapiga hesabu ambayo hahitaji programu kuipiga: malimbikizo ya likizo za watu kumi na watano kwa miaka yote, na faini, na meneja wa hoteli akisoma habari hizo kwenye kahawa.

"Ni za kweli," alisema.

"Zote?"

"Zote."

"Hapana," alisema Injinia kutoka mlangoni. "Moja siyo. Ya kumi na sita ni yangu, ilikuwa ya kujaribia."

Mkurugenzi aligeuka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo damu ilimrudia usoni. Mtu aliyenyang'anywa shamba hufurahi sana akiona angalau kuku mmoja amebaki wa kumkaba.

"Ya kujaribia ina saini yangu," alisema. "Ina muhuri. Kasome kifungu cha tisa cha kanuni. Chochote mwajiriwa anachokitengeneza kazini ni mali ya kampuni. Kwa hiyo nusu ya kwanza ilikuwa mshahara wa awali. Nusu ya pili ipo wapi? Mwajiriwa hatumi ankara."

"Mimi si mwajiriwa. Mimi ni mkandarasi."

"Vizuri," alisema Ofisa Kazi, akageuza karatasi mpya na kulamba ncha ya kidole. "Mkandarasi. Leseni ya biashara iko kwa jina gani?"

Majina Injinia alikuwa nayo mengi, leseni hakuwa nayo hata moja.

"Na kazi ulizofanya kabla ya hapa? Nitajie sehemu mbili tu, nipige simu."

Ikamjia zahanati. Kikamjia chuo cha udereva. Likamjia, kwa uwazi wa kutisha, karakana ya majeneza, na fundi wake ambaye alisikia anamtafuta akiwa na randa mkononi.

"Ofisa," alisema Injinia kwa sauti ndogo. "Mimi ni mwajiriwa."

"Wa kudumu?"

"Wa kudumu."

Ofisa Kazi aliandika. Karani alikuwa akiyarudisha madaftari kabatini, na Injinia alimtazama mgongo wake ulionyooka, akakumbuka kila neno aliloambiwa na mwanamke yule kwa siku kumi na tatu. Alitafuta uongo mmoja tu, wa kumlaumu. Hakuupata. Lilimuumiza kuliko pesa: ametapeliwa na mtu aliyesema kweli tupu, kitu ambacho yeye hakikumpitia kichwani kwamba kinaweza kutumika kazini.

Ofisa alipotoka, Injinia alivuta begi.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Karani.

"Mama, tuache utani. Kesho kutwa programu inazimika, unajua wewe. Itakuwa kelele hapa."

"Najua. Joto litafika sifuri."

"Basi niache niende."

"Nani kakushika? Andika barua ya kuacha kazi, notisi ni miezi mitatu. Ukiondoka bila notisi, Mkurugenzi atakwenda polisi, na hasira zake unazijua zimemwangukia nani. Kitambulisho chako tunacho, umeingiza mwenyewe." Akamsogezea kiti. "Kaa upande wa kushoto."

Programu ilizimika kama ilivyoahidi. Barua pepe ikaacha kuliambia jedwali, jedwali likaacha kuiambia stoo, na hoteli zikaendelea kuchafua shuka bila kujali. Likitokea hili, lile lilibidi lifanywe na mtu. Karani, ambaye sasa tangazo la kufutwa kwake lingehitaji sababu, malipo na mashahidi, alichukua cheo cha msimamizi kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kazi. Mtu wa kusoma agizo, kuliandika, kukimbia stoo, kukimbia kwa dereva na kurudi na karatasi alikuwa mmoja, mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Wapiga pasi walimwita Mfumo. Mkurugenzi alijifunza kusoma. Alisoma kila fomu mara mbili, kidole kikifuata mistari, na Mfumo alisimama mbele yake akisubiri, jasho likimtoka, saa nyingine dakika ishirini kwa dumu moja la sabuni.

Siku tisini nyingine zikapita. Jioni ya siku ya tisini Mama Mapacha alikaa tena na simu gotini, ingawa barua ilikuwa kwenye sanduku la nguo, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Miaka kumi na moja haitoki mwilini kwa muhuri mmoja. Alisubiri mpaka wanawe wakamcheka. Haikulia.

Asubuhi aliondoka nyumbani kwa wakati. Alipofika kona ya mwisho, geti linaonekana, wenzake wanaingia, alisimama. Akanunua karanga kwa muuza karanga. Akazila moja moja, akiegemea ukuta, jua likimpiga usoni, akitazama mlango wa kiwanda unavyofungwa. Kisha akakung'uta maganda, akaenda.

Getini alikuwa Mfumo, kalamu mkononi, daftari la mahudhurio wazi.

"Dada, umechelewa dakika kumi," alisema. "Inabidi niandike."

"Andika," alisema Mama Mapacha, akasimama pembeni yake kuhakikisha ameandika.